Turubai, kiyoyozi, sanduku au kukodi huko huko: mziki wako uukinge vipi na joto?

Ilikuwa Februari, kichenpati ya mchana Kigamboni. Tulifika saa saba, tukashusha vyombo, na kwa kuwa wapambaji walikuwa bado wanafunga vitambaa, kinanda changu nikakisimamisha kwenye stendi pale pale uani, nikaenda kutafuta soda. Niliporudi kioo chake kilikuwa kimegeuka cheusi, kama wino umemwagika pembeni ukatambaa mpaka katikati. Namba za sauti hazisomeki, majina ya midundo hayasomeki. Nyimbo tatu za kwanza nilizipiga kwa kubahatisha, nikihesabu vibonyezo kwa kidole gumba, hadi kivuli cha mwembe kilipotufikia na kioo kikaanza kurudi taratibu.

Kioo kile hakikuwa kimekufa. Ndani yake kuna kimiminika chenye mpangilio wake. Kikizidiwa na joto mpangilio huvurugika, kikipoa hurudi. Siku ile tulipona. Bagamoyo hatukupona: tuliegesha gari letu, Noah, juani, vioo vimefungwa, tukaenda kula samaki. Tuliporudi, daraja la udi wa mwenzangu, yaani kile kijiti kinachoshika nyuzi, lilikuwa limebanduka kwenye ubao wake, nyuzi zote 11 zimelala ubavuni kama kamba za kuanikia nguo zilizokatika. Hakusema neno mpaka tunafika Tegeta.

Tangu hapo kila mpiga kinanda au dijei akiniuliza afanyeje na joto hili, namrudishia swali: vyombo vyako vinashinda wapi? Maana njia za kuvikinga zipo, na mimi nimezitumia nne, ila kila moja inatibu ugonjwa mmoja na pengine kuleta mwingine.

Unapambana na nini hasa

Tunasema "joto" kana kwamba ni kitu kimoja. Kwa vyombo vya muziki ni vitu vinne.

Kuna jua lenyewe. Jua la adhuhuri kwetu huku linamwaga karibu wati 1,000 kwenye kila mita ya mraba, na vyombo vyetu karibu vyote ni vyeusi. Hewa ikiwa nyuzi 32, mgongo wa spika iliyoachwa juani huwezi kuuwekea kiganja. Kuna fukuto, yaani hewa yenyewe: Dar es Salaam na Mombasa msimu wa kaskazi mchana ni nyuzi 32 au 33 na usiku hazishuki sana chini ya 25, Lodwar, kaskazini mwa Kenya, 35 ni jambo la kila siku, Muscat mwezi Juni 40 si habari. Kuna joto ambalo chombo kinajitengenezea. Spika hugeuza asilimia chache tu za umeme inaopewa kuwa sauti, na unaobaki unaishia kwenye koili yake kama joto. Mwisho kuna unyevu, ambao wengi hawauhesabu kabisa. Pwani huo ndio unaoua kimya kimya: unaotesha kutu kwenye jeki (yale matundu ya kuchomekea waya), unatafuna miguu ya vipuri kwenye bodi, unavimbisha mbao.

Madhara mengine yanaonekana papo hapo, mengine ni ya deni. Kapasita, vile vipuri vidogo vya kutunza chaji vilivyomo ndani ya amplifaya na miksa, huishi maradufu kwa kila nyuzi 10 unazoziondolea, na ukiziongezea nyuzi 10 unazikata umri nusu. Betri ya lithiamu iliyojaa chaji ikikaa mwaka mzima kwenye nyuzi 40 hupoteza takriban theluthi ya uwezo wake. Ikikaa na chaji isiyofika nusu, hasara inapungua sana. Laptopu nyingi zimepangiwa kufanya kazi kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Na gari lililofungwa juani huizidi hewa ya nje kwa nyuzi 20 au zaidi ndani ya saa moja, kwa hiyo 32 ya nje ni 52 ya ndani, na pale nyuma chini ya kioo ni zaidi ya hapo. Gundi ya ngozi inayoshika udi na fidla huanza kulainika joto likikaribia nyuzi 60. Bagamoyo ilikuwa hesabu, haikuwa bahati mbaya.

Kwa hiyo kila njia nitaiuliza maswali yale yale: inazuia nini kati ya hivyo vinne, inagharimu nini kuanza na kuendelea, umeme ukikatika inabaki na nini, inabebeka, ukiikosea inaharibu nini, na inamfaa nani.

Njia ya kwanza: turubai na feni

*Inazuia nini.* Jua, na hilo peke yake ni nusu ya kazi. Feni nayo inasaidia vitu vinavyojipasha joto: amplifaya, laptopu, miksa yenye nguvu yake ndani. Ndani ya amplifaya inayofanya kazi kuna nyuzi 60 na kuendelea, hivyo hata upepo wa nyuzi 33 kwake ni nafuu kubwa.

Ila feni haipozi udi. Hapa watu wengi wanajidanganya. Sisi feni inatupoza kwa sababu tuna jasho. Upepo unalikausha, ngozi inapoa. Udi hauna jasho, na wala haujipashi joto. Ukiupulizia hewa ya nyuzi 33 utabaki nyuzi 33, na juu yake umeongezewa vumbi. Kadhalika betri iliyolala kwenye begi. Kwa unyevu, turubai na feni havifanyi chochote.

*Gharama.* Ndogo kuliko zote. Turubai zuri unalo miaka, feni ya kusimama inakula wati 50 hadi 60, yaani haionekani kwenye LUKU.

*Umeme ukikatika.* Kivuli kinabaki. Hii ni njia ambayo jenereta ikizimika bado inakulinda kwa sehemu kubwa.

*Kubebeka.* Inabebeka, ingawa hema la maana linataka watu watatu na nusu saa, na wenye shughuli huwa wameshapanga mahema yao kwa ajili ya wageni. Nimejifunza kumwambia mwenye shughuli mapema, kwa heshima: "Mama, tunaomba kona ya hema, vyombo haviwezi kukaa juani." Ukiomba siku yenyewe unapewa jua.

*Ukiikosea.* Makosa ni mawili. La kwanza ni turubai la bluu lililofungwa chini, kichwa kinagusa. Lile linashika jua, linapata moto, linakurudishia moto ule kwa chini. Linyanyue, upate angalau mita moja ya hewa juu ya chombo kirefu kuliko vyote, pembeni pawe wazi, na kama una hiari chukua jeupe. La pili ni kusahau kwamba jua linatembea. Mwanzoni mwa Machi, na tena karibu tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri Dar es Salaam linapita utosini kabisa. Kivuli kiko chini ya hema, umeridhika. Saa tisa alasiri linaingia kutoka magharibi chini ya ukingo wa hema na kupiga moja kwa moja uso wa miksa. Kabla hujafunga waya hata mmoja, simama pale utakapokaa, nyoosha mkono magharibi, uone kuna nini. Kama hakuna ukuta wala mti, geuza meza.

Ufukweni ongeza jambo moja: feni inapuliza chumvi na mchanga pamoja na hewa. Ukipiga Paje au Coco Beach wiki nzima, futa jeki na safisha kichujio cha amplifaya kabla hujavirudisha stoo, la sivyo mwezi unaofuata utasikia mkwaruzo usiojua umetoka wapi.

*Inamfaa nani.* Mwenye mziki wa kukodisha, spika kubwa na amplifaya, shughuli za mchana zinazochukua muda wa saa tano sita. Mpiga ngoma za ngozi, kwa upande wake, atakucheka. Yeye ndiye pekee uani anayetaka jua, na kama jua halitoshi atawasha moto wa makaratasi ngozi ikaze. Mwombe tu awashie mbali na waya zako.

Njia ya pili: chumba chenye kiyoyozi

*Inazuia nini.* Vyote vinne, karibu. Kiyoyozi kikipoza hewa kinakamua na maji yake, ndiyo maana kuna bomba linalodondosha nje. Chumba cha pwani kilichopozwa vizuri hushuka kutoka unyevu wa asilimia 75 au 80 hadi 50 au 60, na hapo ala za mbao na bodi za umeme zote zinapumua. Kwa studio ya nyumbani yenye kompyuta inayowaka kutwa, hakuna kinachofikia hiki.

*Gharama.* Hapa ndipo pa kukuna kichwa. Acha bei ya mashine na fundi wa kufunga. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile cha chumba cha kawaida, kompresa ikiwaka kinavuta karibu kilowati moja. Tuseme kinawaka saa nane kwa siku na kompresa inafanya kazi nusu ya muda: uniti nne. Kwa bei ya nyumbani ya karibu shilingi 350 za Tanzania kwa uniti, ni shilingi 1,400 kwa siku, elfu 42 kwa mwezi. Chumba chini ya bati lisilo na dari kompresa haipumziki, zidisha mara mbili. Nimewaona watu wakinunua kiyoyozi kabla ya dari. Anza na dari, kiyoyozi kitafuata.

*Umeme ukikatika.* Chumba kilichofungwa madirisha kinageuka tanuri taratibu, na unyevu unarudi. Mara moja moja si neno. Ukikatika kila siku, unakuwa na tatizo nitakalolieleza hapa chini.

*Kubebeka.* Hakibebeki. Kinalinda vyombo vikiwa nyumbani, na shughuli haziji nyumbani.

*Ukiikosea.* Hapa nitakaa kidogo, maana kosa hili wanalifanya wenye uwezo na wenye nia njema.

Chukua hewa ya Dar es Salaam mchana wa Februari: nyuzi 31, unyevu asilimia 70. Katika hewa hiyo, kitu chochote kilicho baridi kuliko nyuzi 25 hivi kinatoa jasho, kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Sasa wewe umelaza miksa kwenye chumba cha nyuzi 18 usiku kucha, asubuhi unaitoa, unaifikisha ukumbini, unaivua nguo yake na kuichomeka. Lile jasho halipo kwenye bodi ya nje tu. Lipo ndani, juu ya saketi, chini ya vitelezi, kwenye jeki. Mara nyingi itawaka na hutajua kitu. Kisha siku moja kitelezi cha nne kinaanza kukwaruza, mwezi ujao cha saba, na fundi akifungua anakuta kijani kibichi kwenye miguu ya vipuri. Wenzetu wanaokwenda kupiga harusi za Muscat wanaujua mchezo huu kuliko sisi, maana kule kumbi zina baridi ya jokofu na nje ya mlango kuna fukuto la bahari. Kamera ya harusi ikitoka nje lenzi inakuwa nyeupe kwa ukungu dakika hiyo hiyo.

Dawa ni mbili na zote ni bure. Weka kiyoyozi nyuzi 26, usiweke 18. Kwa vyombo 26 inatosha kabisa, na kitu cha nyuzi 26 kikitoka nje hakina sababu ya kutoa jasho. Na kama kimelala kwenye baridi zaidi ya hapo, kitoe kikiwa ndani ya begi au sanduku lake, kimefungwa, ukiache saa moja. Jasho litatoka juu ya sanduku. Ukifungua, chombo kimeshalingana na hewa.

Kwa ala za mbao kinachoumiza ni kupanda na kushuka. Ubao ukikauka unanywea, ukipata unyevu unavimba. Ukifanyiwa hivyo kila siku unafumua viungo vyake. Nyuma ya jukwaa moja Unguja nilimkuta mzee wa udi amekaa nje kwenye baraza peke yake, sisi wote tumejazana chumbani kwenye ubaridi.

"Shikamoo, mzee. Mbona huingii ndani?"

"Marahaba, mwanangu. Baridi hiyo yenu nyie wa vinanda. Udi wangu ukizoea huko ndani, jukwaani utanisuta."

Na kweli, sisi wa kinanda tulipanda tukapiga, wa fidla wakapoteza dakika kumi wakikaza nyuzi, yeye akaanza tu.

Dodoma au Lodwar wakati wa kiangazi hesabu inageuka. Kule hewa ni kavu tayari, na kiyoyozi kinaikausha zaidi. Ala ya mbao ikishuka chini ya asilimia 40 ya unyevu kwa wiki kadhaa, tafuta nyufa. Huko beseni la maji kwenye kona ya chumba si ushirikina.

*Inamfaa nani.* Mwenye studio, mwenye stoo ya vyombo vya thamani visivyotoka kila siku, mwenye kanda na sahani za santuri za zamani (sahani ya plastiki ikilala kwenye joto la gari inajikunja, na hairudi).

Njia ya tatu: sanduku gumu

Nasema sanduku la kweli, plaiwudi yenye pembe za chuma na sponji ndani. Begi la kitambaa silihesabu. Lile linakinga mikwaruzo na macho ya watu.

*Inazuia nini.* Jua, vumbi, mvua ya ghafla, na mabadiliko ya haraka. Hilo la mwisho ndilo faida yake kubwa. Sanduku halipozi. Linachelewesha. Chombo kilichoingia kikiwa na nyuzi 26 kitachukua saa moja, mbili, tatu kabla ya kufikia joto la nje, na kwa safari ya Dar mpaka Morogoro muda huo unatosha. Kwa unyevu, linasaidia kama linafunga vizuri na umeweka vifuko vya silika ndani. Vile vyenye punje za rangi ya chungwa vikigeuka kijani vimeshiba; vikaushe kwenye oveni ya nyuzi 120 kwa saa mbili, virudishe. Mchele uache jikoni. Kwa udi na fidla punguza silika, maana zinaweza kukausha kupita kiasi. Kuna vifuko vinavyonyonya unyevu na kuurudisha ukipungua, hivyo ndivyo vya mbao.

*Gharama.* Ya kati, na unalipa mara moja. La dukani ni ghali. Fundi seremala mzuri akipewa vipimo na mfano anakutengenezea linalokaribia, mradi usibane bei kwenye bawaba na vifungo. Gharama inayosahaulika ni sponji. Ile ya kawaida ikikaa miaka kwenye joto na unyevu wetu inaoza, inageuka unga unaonata, na unga ule unaingia kwenye vibonyezo. Ikianza kuacha alama kwenye kidole, ing'oe.

*Umeme ukikatika.* Haijui umeme.

*Kubebeka.* Ndiyo kazi yake, ila pima uzito kwanza. Sanduku la kinanda cha vibonyezo 61 likiwa na kinanda ndani ni la watu wawili, na watu wa bodaboda hawalitaki.

*Ukiikosea.* Masanduku mengi ni meusi. Likiachwa juani kwa muda wa saa tatu linaacha kuwa kinga, na kwa kuwa lilichelewa kupata joto, litachelewa kulitoa. Tandika shuka jeupe juu yake. Nimeona tofauti kwa mkono. Kosa la pili ni la wenye amplifaya zilizofungwa humo humo kwenye sanduku la reki: wanafungua mfuniko wa mbele, wa nyuma wanauacha kwa sababu umegusana na ukuta. Amplifaya inavuta hewa upande mmoja na kuitema mwingine. Ukiziba upande mmoja inavuta moto wake yenyewe, na katikati ya wimbo wa bibi harusi taa nyekundu inawaka, imeingia protekti, yaani imejizima kujilinda, ukumbi mzima kimya. Fungua pande zote mbili, acha nafasi ya mkono mzima nyuma. Amplifaya za kisasa za daraja D zinajipasha joto kidogo kuliko zile nzito za zamani, lakini nazo zinataka kupumua.

*Inamfaa nani.* Anayesafiri. Bendi ya harusi, mwalimu wa muziki anayezunguka shule, dijei mwenye laptopu na kidhibiti chake.

Njia ya nne: kuacha chako nyumbani, kukodi huko huko

Hii wengi hawaihesabu kama kinga, nami nilichelewa kuiona.

*Inazuia nini.* Kwa chombo chako, kila kitu, kwa sababu hakikutoka. Wewe unabeba flashi yenye sauti na midundo yako, maikrofoni, waya mbili unazoziamini.

*Gharama.* Unalipa kila shughuli. Shughuli mbili kwa mwezi ni nafuu; nane kwa mwezi ungekuwa umenunua sanduku na turubai na chenji ikabaki.

*Umeme ukikatika.* Linakuwa tatizo la mwenye mziki, ingawa lawama utaipata wewe.

*Kubebeka.* Flashi inaingia mfukoni. Kwa safari za ndege ni nafuu kubwa: chombo hakikai juu ya lami ya uwanja kikisubiri kupakiwa. Ukibeba laptopu na betri za akiba, betri hizo zinaingia nawe ndani ya ndege, hazipelekwi kwenye mizigo ya chini. Bila kuomba ruhusa ya shirika, mwisho ni wati-saa 100 kwa kila moja.

*Ukiikosea.* Unakuta kinanda cha aina nyingine na flashi yako haisomeki. Au unakuta chombo ambacho aliyekitangulia alikianika juani mwaka mzima, vibonyezo vitatu havilii. Omba picha ya nyuma ya chombo na jina kamili la modeli siku mbili kabla, ufike mapema ujaribu. Kwa udi, kanuni (ile ala ya nyuzi) au fidla njia hii karibu haipo. Ala hizo ni kama kiatu cha mtu.

*Inamfaa nani.* Mpiga kinanda au dijei anayevuka bahari kwenda Unguja, Mombasa au Muscat kwa siku moja mbili, na yeyote ambaye chombo chake hakina mbadala.

Sasa angalia hali yako

Kama una mziki wa kukodisha na kazi zako ni za mchana uani, weka pesa kwenye hema jeupe la kwako mwenyewe na feni mbili, moja ya nyuma ya amplifaya, moja ya laptopu. Sanduku la reki lifuate. Kiyoyozi cha stoo kwako si cha haraka. Stoo yenye dari, madirisha mawili yanayotazamana na vyombo vilivyonyanyuliwa kutoka sakafuni inatosha.

Kama una studio chumbani, dari kwanza, kiyoyozi cha nyuzi 26 baadaye, na pazia zito upande wa magharibi. Mtaani kwenu umeme ukikatika kila jioni, afadhali chumba chenye feni na madirisha wazi wakati wote kuliko kile kinachopanda na kushuka kila siku, hasa kama kuna gitaa au udi ukutani.

Mwenye udi mmoja anaoupenda: sanduku, kifuko cha unyevu, na usiuache garini hata kwa dakika za kununua mishkaki. Ingia nao. Ukisafiri mchana wa joto legeza nyuzi kidogo, gundi ikilainika daraja lisivutwe.

Dijei wa laptopu achanganye: sanduku njiani, kivuli na feni kazini, na betri isikae imejaa asilimia 100 wiki nzima kwenye begi nyuma ya gari. Mwenye safari ya Ghuba kati ya Mei na Septemba akodi huko huko, na kama lazima abebe, afungue sanduku saa moja baada ya kuingia au kutoka kwenye ubaridi.

Na kama unasoma haya chombo kiko mbele yako na tayari ni cha moto, usikiwashe, na usikikimbize kwenye kiyoyozi. Kitoe juani, fungua vifuniko, kipe kivuli na hewa ya kawaida mpaka uweze kukilazia kiganja bila kukiondoa. Kioo kikiwa cheusi usikibonyeze. Kama ni udi, legeza nyuzi kwanza, hata kabla ya kuuhamisha.